Marathoni kwa Mwenye Maumivu Sugu ya Mguu

Maumivu sugu ya mkimbiaji ni yale yasiyomlaza kitandani wala kumwacha huru: kisigino kinachokaza kila asubuhi, goti linalochoma kwenye mteremko, ugoko unaouma ukibonyezwa. Kwa kawaida hayatokani na kuanguka. Hutokana na mazoezi yaliyoongezwa haraka kuliko mguu ulivyoweza kuyamudu. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, lakini kano, gegedu na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo anayeumia zaidi si mvivu, bali yule ambaye pumzi yake imeshakubali kilomita ambazo miguu yake bado haijazikubali.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Wilayani Mbulu, nyanda za juu zenye baridi zinatazamana na bonde la Yaeda Chini lililo mamia ya mita chini yake, na njia kati ya hizo mbili ni za kupanda na kushuka. Katika kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, na pia ya goti hukandamizwa kwa nguvu kubwa. Katika kupanda, mzigo huhamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Njia ileile, basi, inaweza kumdhuru mwenye goti wakati wa kushuka na mwenye kisigino wakati wa kupanda. Sakafu ya bonde, ambayo ni tambarare, huwafaa wote wawili. Kasoro yake ni jua kali la mchana, na tope linaloteleza mvua zikishika. Mwenye maumivu hukimbia huko alfajiri, kwenye sehemu ngumu, na akilazimika kushuka mlima hushuka kwa kutembea.

Kabla ya kupanga mazoezi ni lazima kujua kinachouma. Kano hukaza asubuhi, hulegea baada ya mwendo wa dakika chache, kisha huuma tena jioni au kesho yake. Ukiibana kano ya kisigino kwa vidole viwili, sentimita chache juu ya kisigino, mwenyewe huonyesha mahali hasa. Goti lenye tatizo la pia huuma zaidi kwenye kushuka, kuchuchumaa, na kunyanyuka baada ya kukaa muda mrefu. Dalili za mfupa ni nyingine, nazo ndizo za kuogopwa: maumivu ya sehemu moja inayofunikwa na ncha ya kidole, yanayoongezeka kila hatua, yanayouma hata usiku mtu akiwa amelala, na yanayomzuia kuruka kwa mguu mmoja. Hapo huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mbio husimama siku hiyohiyo, na mgonjwa hupelekwa hospitali. Kwa watu wa bonde hili, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza miaka ya 1950, ndiyo kimbilio linalojulikana. Ikumbukwe kwamba ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo. Picha safi haitoshi kuwa ruhusa ya kurudi barabarani.

Ikiwa si mfupa, kuacha mbio kabisa si lazima, na kwa kano kunaweza hata kurefusha tatizo, kwa sababu kano isiyopewa kazi hudhoofika. Wataalamu wengi wa viungo hutumia kipimo cha sifuri hadi 10. Maumivu yasiyozidi 3 wakati wa mbio, yanayorudi katika hali yake ya kawaida kufikia asubuhi inayofuata, yanavumilika. Yakizidi hapo, au yakimfanya mtu achechemee, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Kuchechemea ni kosa linalodharauliwa mno: mguu mzima hubeba kazi ya ule unaouma, na baada ya wiki chache mkimbiaji ana majeraha mawili.

Tiba yenye ushahidi mzuri kwa kano ya kisigino ni kuipa mzigo kwa mpangilio. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha matokeo ya zoezi ambalo halihitaji kifaa chochote. Mtu husimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, huinuka kwa mguu mzima, kisha huteremsha kisigino cha mguu unaouma polepole hadi chini ya usawa wa ngazi. Hufanya hivyo mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, kisha hurudia yote goti likiwa limekunjwa kidogo; asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Jiwe imara la mlangoni linatosha. Kwa goti, kazi kubwa ni kuimarisha paja na nyonga: kupanda na kushuka kizingiti taratibu, na kuchuchumaa nusu. Kuchua kwa mafuta huleta nafuu ya muda, lakini hakuongezi nguvu ya kano.

Hofu ya kupoteza pumzi ndiyo inayowarudisha wengi barabarani mapema. Hofu hiyo ina kiasi. Utafiti wa Edward Coyle na wenzake, uliochapishwa mwaka 1984, ulionyesha kwamba wanamichezo walioacha mazoezi kabisa walipoteza karibu asilimia 7 ya uwezo wa kutumia oksijeni katika siku 21 za kwanza, na asilimia 16 kufikia siku ya 56. Anayeendesha baiskeli au kutembea mwendo mrefu hupoteza kidogo kuliko hapo. Kutembea kusidharauliwe: watafiti waliowapima Wahadzabe wa eneo hili, katika utafiti uliotoka mwaka 2012, walikuta wanaume wakitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake karibu 6.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe ili kumwezesha mtu kukimbia. Huficha ishara ambayo mpango mzima unaitegemea, na kwa mtu aliyepungukiwa maji kwenye joto zinaweza kudhuru figo. Sindano ya steroidi ndani ya kano ya kisigino ni hatari zaidi, kwani kano inaweza kukatika.

Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kumaliza wa 57, wa mwisho, kwa saa 3:25:27. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla. Kisa hicho hutolewa kama hoja ya kukimbia na maumivu, na hoja hiyo haisimami. Akhwari aliumia ndani ya mbio, siku moja, baada ya miaka ya maandalizi. Hakuwa akilazimisha goti bovu wiki baada ya wiki mazoezini. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2:15. Hafiki hapo mtu ambaye goti lake halikupona.

Mwenye kulenga Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, huanza Novemba. Kwa mwenye maumivu sugu, wiki nne za kwanza ni za kuimarisha mguu na mbio fupi, na kilomita huongezwa baada ya hapo tu. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe anapaswa kuweza kukimbia kilomita 28 hadi 30 bila kuchechemea, na kuamka kesho yake bila maumivu mapya. Asiyeweza ajiandikishe kwa kilomita 21, zinazokimbiwa Moshi siku hiyohiyo.