Uji wa Mtoto na Kazi za Mama

Wasomaji wetu wajua kuwa Iringa na Mbeya ni nchi za mahindi. Basi ilikuwaje watoto wakadhoofika katika nchi ya shibe?

Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianza kazi ya lishe katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, kwa fedha za Italia. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kila miezi mitatu, na wanakijiji wenyewe wakaulizana sababu. Ikaonekana kuwa mara nyingi chakula kilikuwamo nyumbani, ila mama wa kukipika hakuwa na nafasi: alfajiri shambani, kisha kuni, kisha maji. Mtoto alilishwa mara mbili tatu kutwa, na tumbo lake ni dogo.

Hapo kimea, ambacho wengi walikijua kwa pombe tu, kikapata kazi ya halali. Wataalamu walikijaribu katika kijiji cha Luganga. Mtama au ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Unga wake kidogo ukitiwa katika uji mzito wenye moto kiasi, uji hulainika pasipo kuongezwa maji, na mtoto hupata unga mwingi kwa mlo mmoja.

Kufikia 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa wamepungua, kutoka 6 hivi katika kila 100 hadi chini ya 2.

Lakini kimea hakichoti maji. Qurani imemwamrisha baba amlishe na kumvika mama anyonyeshaye. Nasi twawauliza akina baba: ndoo ya jioni kwenu huchotwa na nani?