Mtoto, Mchanga na Mlezi: Istilahi za Kuwasili Uwanja wa Ndege

Familia nyingi zinazokwenda kupumzika katika fukwe za Nungwi, Kiwengwa na Paje huingia Unguja kwa kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, ulioko Kisauni. Baadhi yao ni wasemaji wa Kiswahili kutoka Bara, Kenya na nchi za Ghuba, ambao wana haki ya kuelezwa masharti ya safari kwa lugha yao. Msafiri mwenye watoto wadogo hukabiliwa na maneno matatu ambayo sote tunadhani tunayafahamu: mtoto, mchanga na mlezi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno haya, yanapotumiwa kama istilahi bila ya kuwekewa mipaka, huweza kumponza msafiri.

Mtoto mchanga

Katika mazungumzo ya kila siku, mtoto mchanga ni yule aliyezaliwa karibuni, ambaye shingo yake bado haijakaza. Watu wa pwani humwita pia kichanga. Akishaanza kusimama dede, ni nadra mama yake kumwita mchanga. Mashirika ya ndege hayatazami hivyo. Kwa desturi yao, abiria wa kundi hili ni mtoto ambaye hajatimiza miaka 2, anayeweza kusafiri akiwa amepakatwa, bila ya kiti chake mwenyewe. Kuanzia miaka 2 hadi kabla ya kutimiza 12 huhesabiwa katika kundi jingine, na hapana budi awe na kiti. Basi mfasiri anapoandika "watoto wachanga" katika tangazo, mama mwenye mtoto wa miezi 20, anayekimbia huku na huku ukumbini, hufahamu kwamba tangazo halimhusu; kumbe naye ni miongoni mwa waliokusudiwa.

Kiswahili kina kitenzi kilicho tayari kwa dhana hii: kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Tunapendekeza "mtoto wa kupakatwa", kwa sababu jina hili linaeleza jambo lenyewe linalolihusu shirika la ndege.

Mipaka ya umri

Afisa wa afya ana mpaka wake. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri mwenye umri wa mwaka 1 au zaidi anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 aliyekuwa "mchanga" ndani ya ndege huhesabiwa sawa na baba yake afikapo kwenye meza ya afya. Sheria nayo ina mpaka wa tatu: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, zote humtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kijana wa miaka 13, anayelipiwa nauli ya mtu mzima, bado ni mtoto mbele ya sheria.

Tofauti hizi si kosa. Shirika la ndege hutazama kiti, idara ya afya hutazama chanjo, na sheria hutazama ulinzi. Kosa ni la mfasiri anayeliacha neno "mtoto" peke yake, bila ya kuonyesha umri kwa tarakimu.

Mlezi

Neno hili ndilo zito kuliko yote. Yaya hulea, bibi hulea, hata chama cha michezo huwa na mlezi wake. Afisa wa uhamiaji anapouliza, "Nani mlezi wa mtoto huyu?", yaya hujibu kwa unyofu kwamba ni yeye, hali sheria inamkusudia mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto. Jambo hili si dogo, kwani kwa swali hilo mtoto hulindwa asivushwe mpaka na mtu asiye na idhini. Hapa tunapendekeza istilahi mbili. Neno "mwandamizi" halifai kwa anayefuatana na mtoto, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka kwa maana ya afisa wa cheo cha juu. "Msindikizaji" nalo huweza kufahamika kuwa ni mtu anayeishia mlangoni kuaga.

Mapendekezo

Mtoto wa kupakatwa: mtoto aliye chini ya miaka 2, asiyekuwa na kiti chake ndani ya ndege.

Mtoto wa kiti: mtoto wa miaka 2 hadi kabla ya kutimiza 12, mwenye kiti chake.

Mlezi wa kisheria: mtu asiye mzazi, aliyepewa na sheria mamlaka juu ya mtoto.

Mwandamani wa mtoto: mtu mzima yeyote anayesafiri pamoja na mtoto, awe na mamlaka juu yake au asiwe nayo.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma wayajaribu maneno haya katika fomu, matangazo na madarasa yao, kisha watuletee maoni. Istilahi huthibitika kwa kutumika.