Wanga, mkimbiaji na mlango mwembamba wa utumbo

Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba mwaka 2019, katika mji wa Vienna nchini Austria, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na mita 195 kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kumaliza umbali huo chini ya saa mbili.

Waliotazama waliwaona wanariadha waliomzunguka kwa zamu ili kumkinga na upepo. Wachache waliwazingatia waendesha baiskeli waliokuwa wakimsogelea kila baada ya muda na kumkabidhi kinywaji chenye wanga. Utaratibu huo wa vinywaji, pamoja na ule wa wasaidizi kupokezana, ni miongoni mwa sababu zilizofanya muda huo usiingizwe katika orodha rasmi ya rekodi za dunia.

Kwa nini basi watayarishaji waliona ni lazima kinywaji kimfikie kwa namna ile? Jibu linahusu swali ambalo wataalamu wamelichunguza kwa takriban miaka mia moja: wanga ukishaingia kinywani, ni kiasi gani kinachoweza kuifikia misuli, na kwa kasi gani?

Akiba isiyofika mwisho wa safari

Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na katika ini. Akiba hiyo huitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima aliyekula vizuri, misuli huwa na gramu 300 hadi 500, na ini takriban gramu 100. Kila gramu hutoa kilokalori nne za nishati, kwa hiyo jumla yake ni kati ya kilokalori 1,600 na 2,400.

Na gharama ya safari? Wataalamu hukadiria kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito, kwa kila kilomita. Mkimbiaji mwenye kilo 60 atahitaji takriban kilokalori 2,500 ili amalize marathoni. Msikilizaji hahitaji kuwa mhasibu kuona kwamba hesabu hiyo ina upungufu. Isitoshe, misuli ni bahili: glaikojeni iliyomo katika mkono haiwezi kutolewa na kupelekwa mguuni. Ni ini pekee ndilo huachia sukari yake iingie katika damu kwa manufaa ya viungo vingine, na ubongo ndio wa kwanza kuidai.

Mafuta ya mwili hufidia sehemu ya pengo hilo, lakini hutoa nishati polepole, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo mwili unavyoegemea wanga zaidi. Ndiyo maana kila mwezi Aprili, katika mitaa ya London, wapo wakimbiaji wa kawaida waliojiandaa kwa miezi mingi ambao hupita nusu ya kwanza wakitabasamu, kisha baada ya kilomita ya 30 miguu ikawa mizito kama mawe na fikra zikavurugika.

Hali hiyo ilipimwa kwa mara ya kwanza mjini Boston nchini Marekani mwaka 1924, pale madaktari walipochukua damu ya washiriki wa marathoni ya mji huo. Wale waliofika wakiwa hoi walikutwa na kiwango kidogo mno cha sukari katika damu. Mwaka uliofuata, wakimbiaji walishauriwa kula wanga kwa wingi kabla ya mbio na kupewa peremende njiani. Sukari katika damu zao haikushuka kama awali, na hali zao walipomaliza zilikuwa bora zaidi.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walikwenda mbele zaidi kwa kujifanyia majaribio wao wenyewe. Walikaa upande huu na upande huu wa baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja hadi misuli ya mguu huo ikaishiwa glaikojeni. Kisha wakala wanga kwa wingi kwa siku tatu. Sindano zilizochota vipande vidogo vya misuli zilionyesha kwamba mguu uliofanya kazi ulijaza akiba karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Kumbe ni kazi yenyewe inayouandaa msuli kupokea chakula.

Mlango wa chumvi na sukari

Wanga wa ugali, wali au mkate ni minyororo mirefu ya glukosi. Mate huanza kuikata, na kazi kubwa humalizikia katika utumbo mwembamba. Kukata si tatizo. Ugumu uko katika kuipitisha glukosi kwenye ukuta wa utumbo hadi katika damu.

Mwezi Agosti mwaka 1960, katika mkutano mjini Prague, mwanasayansi wa Marekani Robert Crane alieleza jinsi glukosi inavyovuka ukuta huo: hushikana na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, na viwili hivyo huingia pamoja kupitia mlango mmoja, huku maji yakivifuata. Akina mama wa Afrika Mashariki wanaowapa watoto wenye kuharisha maji yenye chumvi na sukari hutumia mlango huohuo. Kinywaji cha mwanariadha na ile pakiti ya zahanati ni ndugu wa damu, ingawa bei zao hazifanani hata kidogo.

Mlango huo, hata hivyo, una kikomo. Wakati wa mazoezi, mwili huweza kutumia takriban gramu moja tu ya glukosi iliyonywewa kwa kila dakika, yaani gramu 60 kwa saa. Anayekunywa zaidi haongezi nguvu. Sukari iliyozidi hubaki tumboni na kuvuta maji kuelekea utumboni, na matokeo yake ni kichefuchefu, tumbo kusokota, au safari ya haraka kwenda msalani. Na wakati wa mbio kali damu nyingi huwa imehamia katika misuli, na utumbo huachiwa sehemu ndogo tu.

Fruktosi, ile sukari ya matunda na asali, hutumia mlango wake wa pembeni. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza walionyesha kwamba mchanganyiko wa sukari hizo mbili huuwezesha mwili kutumia zaidi ya gramu 1.2 kwa dakika. Ushauri uliotokana na tafiti za namna hiyo ni gramu 30 hadi 60 kwa saa kwa mazoezi ya saa moja hadi mbili na nusu, na hadi gramu 90 za mchanganyiko kwa yale marefu zaidi.

Vinywaji vya dukani husifiwa kwa mchanganyiko huo kana kwamba umezaliwa maabara. Lakini sukari ya kawaida ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na tende zilizoiva, zile zinazofuturisha nyumba nyingi za Muscat na Zanzibar, huwa na sukari hizo mbili kwa viwango vinavyokaribiana.

Kabla na baada ya jasho

Kabla ya mbio, mlo mkubwa unahitaji saa tatu au nne ili utoke tumboni, na mafuta na makapi huuchelewesha zaidi. Kwa hiyo maharage na chapati za mafuta hazifai alfajiri ya siku ya mbio. Uji, mkate mweupe au ndizi mbivu zina nafuu. Baadhi ya watu wakila sukari nyingi dakika 30 hadi 45 kabla ya kuanza, homoni ya insulini hupanda, misuli nayo huanza kuvuta sukari, na kiwango chake katika damu hushuka ghafla. Si wote hupatwa na hali hiyo, na njia ya kujua ni kujaribu siku ya mazoezi. Utumbo nao hufundishika: anayezoea kunywa akikimbia kwa wiki kadhaa husumbuka kidogo. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifuate viwango hivi kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Baada ya mazoezi, milango ya misuli huwa wazi kwa muda hata bila msaada mkubwa wa insulini. Utafiti uliofanywa Texas na kuchapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba waendesha baiskeli waliocheleweshewa wanga kwa saa mbili walijaza akiba kwa kasi ya takriban nusu tu. Kwa anayekimbia asubuhi na jioni, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa anayepumzika hadi kesho yake haina uzito, kwa kuwa akila wanga wa kutosha misuli hujaa tena katika muda wa takriban saa 24.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanariadha kumi wa ngazi ya juu katika kambi ya mazoezi nchini Kenya ulikuta kwamba asilimia 76.5 ya nishati yao ilitokana na wanga. Ugali ulichangia asilimia 23. Sukari ya kawaida, ambayo katika kambi hizo huingia zaidi kwenye chai ya maziwa, ilichangia asilimia 20.