Puto, kompyuta na mvua: Jinsi utabiri unavyopatikana

MSIKILIZAJI anapotangaziwa redioni kwamba mvua itanyesha kesho, huenda akadhani kuna mtu aliyetazama mawingu akakata kauli. Ukweli ni kwamba utabiri huo huanzia kwa mashahidi wawili, na hakuna hata mmoja wao anayeaminiwa kikamilifu.

Shahidi wa kwanza ni vipimo. Katika Dagoretti Corner, Nairobi, wataalamu hurusha puto lililobeba kifaa cha kupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Puto la aina hiyo laweza kupaa takriban kilomita 30 kabla ya kupasuka. Setilaiti, meli na ndege za abiria pia hutuma vipimo.

Shahidi wa pili ni modeli ya kompyuta, ambayo huchukua hali ya hewa ya saa chache zilizopita na, kwa kanuni za fizikia, kukisia ya sasa.

Tuseme modeli yadai joto mahali fulani ni nyuzi 24 ilhali kipimajoto chaonyesha 26. Wataalamu hawachagui upande. Wakiviamini sawasawa, jibu ni 25. Kipimajoto kikiaminika zaidi, jibu husogea karibu na 26. Sahihisho hilo husambazwa hadi maeneo jirani, na upepo na mgandamizo wa hewa hurekebishwa ili vioane. Ndipo utabiri huanza.

Hatari ya kutooanisha ilidhihirika mapema. Mnamo 1922, Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha utabiri alioukokotoa kwa mkono, ambapo mgandamizo wa hewa ulipanda kwa hektopaskali 145 katika saa sita, jambo lisilowezekana kamwe. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kuwa mbinu yake ilikuwa na msingi mzuri. Kasoro ilikuwa katika vipimo alivyoanzia, ambavyo havikuwa vimeoanishwa.

Afrika Mashariki inaumia kwa njia nyingine. Vituo vya kurusha maputo ni vichache mno vikilinganishwa na vya Ulaya, na pasipo na vipimo vya kutosha, kompyuta hubaki kuamini makisio yake yenyewe. Setilaiti huziba pengo kwa kiasi, ingawa nyingi hupima mnururisho wala si upepo wenyewe.

Dhoruba za Ziwa Victoria hupenya katika mapengo hayo. Huzuka na kutoweka kwa saa chache, aghalabu usiku, wakati ambapo wavuvi wa omena wako majini na taa zao.