Mahali pa Kukatia Wimbo

Ukishaicheza santuri ya LP upande mmoja hadi mwisho huku kompyuta ikirekodi, unabaki na faili moja ndefu: dakika ishirini hivi, nyimbo nne au tano zikifuatana bila jina wala mpaka. Mtu wa Lizaboni au Mfaranyaki hapa Songea anayetaka kumsikilizisha mama yake wimbo mmoja kwenye simu hawezi kuitumia hivyo. Lazima ikatwe. Programu kama Audacity, inayopatikana bure tangu mwaka 2000, inaweza kupitia faili yote, kutafuta palipo kimya na kuweka alama za kukatia. Lakini kwenye santuri hakuna mahali palipo kimya.

Sindano hutembea ndani ya mfereji, na kuta za mfereji huo hata pasipo na muziki zina chembe za plastiki, vumbi na mikwaruzo. Mota nayo inaunguruma chini kwa chini. Kwenye sahani nzuri, kelele hizo huwa kama desibeli 50 au 60 chini ya sauti kubwa kabisa ya wimbo. Kwenye sahani iliyokaa miaka na vumbi jekundu na ukungu wa masika, hupanda sana. Kwa hiyo ni wewe unayeiambia programu kiwango gani kihesabiwe kuwa kimya. Ukikiweka chini mno, haioni mpaka wowote. Ukikiweka juu mno, inaumeza mwisho wa wimbo pale gitaa linapofifia.

Muziki wetu unaitatiza zaidi. Katika dansi la miaka ya 1970 waimbaji husimulia kisa taratibu, halafu wakati mwingine bendi inakatika kwa nusu pumzi kabla magitaa hayajaingia na chemko, ile sehemu ya kasi. Kompyuta huona pengo, ikahesabu nyimbo mbili. Aliyewahi kuucheza wimbo ule hawezi kukosea hapo. Kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika mambo hugeuka: upande mmoja ulibeba dakika chache tu, hivyo nyimbo ndefu za Mbaraka Mwinshehe na wenzake zilivunjwa sehemu ya kwanza na ya pili. Hapo kazi ni kuunga. Upande wa kwanza mara nyingi hufifia gitaa likiendelea, na wa pili huanza muziki ukiwa tayari umekolea. Inabidi uhesabu mapigo, utafute pale mzunguko wa gitaa unapoanza upya pande zote mbili, kisha ulinganishe ukubwa wa sauti. Kama pigo halikai sawa, naona heri sehemu mbili zibaki mbili.

Hata mpaka ukishajulikana, kuna swali la wapi hasa pa kupitisha kisu. Vaa hedifoni, ongeza sauti, usikilize kabla tu ya wimbo wa kwanza wa LP. Kwenye sahani nyingi utausikia wimbo wenyewe, hafifu mno, sekunde 1.8 kabla haujaanza. Huo ndio muda wa mzunguko mmoja kwa kasi ya mizunguko 33 na theluthi: mfereji wenye sauti kubwa umeusukuma kidogo ukuta wa mfereji jirani, na jirani akabeba alama yake. Wengi hukata kabla tu ya pigo la kwanza ili kuiondoa sauti hiyo hafifu. Mimi huacha nusu sekunde hivi na kuipandisha sauti taratibu, kwa sababu wimbo unaoanza ghafla mno husikika kama umekabwa. Tena, sauti katika kompyuta ni namba, 44,100 kwa sekunde kwa kiwango cha CD. Ukikata kwenye namba iliyo mbali na sifuri, spika hurushwa ghafla na utasikia "tik". Kata pale wimbi linapovuka sifuri.

Kabla ya kukata chochote, pima kasi. Hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, Songea iliwashwa hasa na jenereta za dizeli, na jenereta hupepesuka. Mashine za santuri ambazo mota zake hufuata mapigo ya umeme hupunguza kasi umeme ukishuka kutoka hezi 50 hadi 49. Wimbo wa dakika tano unarefuka kwa sekunde sita, na magitaa yanashuka kama theluthi ya nusutoni. Ila mvumo wa umeme nao huingia kwenye rekodi. Kompyuta ina saa yake isiyotegemea jenereta, hivyo ukiupima mvumo ukaukuta kwenye hezi 49, umejua kosa ni kiasi gani na unaweza kulirekebisha. Anayeanza kwa kuusafisha mvumo ameufuta ushahidi.

Wataalamu wa Berlin waliliona hilo mapema. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikielekea ukingoni, mtafiti Mjerumani Karl Weule alirekodi nyimbo kwa fonografu kwenye mitungi ya nta huko Lindi, Masasi na Newala. Kasi ya mashine zile ilikuwa ya kubahatisha. Ndiyo maana Erich von Hornbostel wa hazina ya sauti ya Berlin aliwataka warekodi wapulize filimbi ya hezi 435 mwanzoni mwa kila mtungi. Mkataji wa leo angeiona filimbi hiyo kuwa takataka kabla ya wimbo, akaitupa, na pamoja nayo kipimo pekee cha kasi.

Kwa hiyo rekodi nzima ihifadhiwe jinsi ilivyotoka kwenye sindano, na kisu kipite kwenye nakala tu. Kwa kiwango cha namba 96,000 kwa sekunde na biti 24, dakika ishirini za stereo huchukua karibu megabaiti 700, na diski ya terabaiti moja hubeba pande zaidi ya elfu moja.