Vyombo vya Fundi wa Sauti

Mtu aanzaye kazi ya kutengeneza redio na vikuza sauti asikimbilie kununua vyombo vingi. Kwanza apate mita ipimayo volti, ampea na omu. Hiyo ndiyo itakayomwambia kama waya umekatika au betri imekwisha. Cha pili ni osiloskopu, ionyeshayo mawimbi ya umeme katika kioo. Sikio la mwanadamu husikia mitikisiko 20 hata 20,000 kwa sekunde. Basi osiloskopu ndogo yatosha, na ya bei kubwa ni fahari tu. Lakini mita isiwe duni, kwa maana kapasita kubwa huweza kushika umeme hata redio ikiwa imekwisha kuzimwa, na mita ikisema uongo, fundi hugusa mauti akidhani kuwa umeme haumo.