Fumbo la Namba kwa Aliyepata Kiharusi: Kulitunga, Kulifumbua na Mipaka Yake

Mgonjwa aliyepata kiharusi anaporudi nyumbani, dawa zake huwa zimekwisha kupangwa hospitalini. Linalobaki ni namna ya kuzitumia saa ndefu za mchana. Kwa mkazi wa Mbweni, katika Manispaa ya Kinondoni, kufika Muhimbili ni safari ndefu kupitia Barabara ya Bagamoyo. Hivyo sehemu kubwa ya utengamao hufanyika barazani, mikononi mwa mke, mtoto au mjukuu. Hapo ndipo watu hupendekeza fumbo la namba liitwalo Sudoku. Ushauri huo una faida, ila una masharti mawili: fumbo litungwe kwa kipimo cha mgonjwa, na lisichukuliwe kuwa dawa.

Asili na kanuni

Fumbo la kawaida lina visanduku 81, yaani mistari 9 ya kulala na safu 9 za kusimama. Kila mstari, kila safu na kila mraba mdogo wa visanduku 9 hubeba namba 1 hadi 9 bila kurudiwa. Mtindo huu ulichapishwa Marekani mwaka 1979, na mtunzi wake anatajwa kuwa msanifu majengo Howard Garns. Kampuni ya Nikoli ya Japani iliuanza mwaka 1984 na kuueneza kwa jina la Sudoku, na baada ya gazeti la The Times la London kuuchapisha Novemba 2004, ulienea duniani. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Namba ni alama tu. Kinachotakiwa ni kukumbuka kanuni, kutazama pande zote na kuondoa yasiyowezekana.

Kuanza na visanduku 16

Kwa mgonjwa anayepona, visanduku 81 ni mzigo mzito. Aanze na jedwali la mistari 4 na safu 4, lililogawanywa katika robo nne. Kila mstari, safu na robo iwe na 1, 2, 3 na 4. Huu ni mfano:

1 – – 4
– – 1 –
– 1 – 3
4 – – –

Atazame robo ya juu kushoto na kujiuliza 4 itakaa wapi. Mstari wa kwanza una 4 tayari, na safu ya kwanza ina 4 chini kabisa. Inabaki nafasi moja: mstari wa pili, safu ya pili. Sasa mstari wa pili una 4 na 1, umebakiza 2 na 3. Safu ya mwisho ina 3, kwa hiyo kisanduku cha mwisho cha mstari huo ni 2, na cha kwanza ni 3. Visanduku vilivyobaki hujazwa kwa njia hiyohiyo, bila kubahatisha hata mara moja.

Hatari ya fumbo lenye majibu mawili

Anayetunga huanza na jedwali lililojaa, kisha hufuta namba mojamoja. Wengi hudhani kwamba kuacha namba nyingi kunatosha kulifanya fumbo liwe rahisi na salama. Jedwali lifuatalo lina namba 12 kati ya 16:

– – 3 4
3 4 1 2
– – 4 3
4 3 2 1

Mstari wa kwanza na wa tatu yote imebakiza 1 na 2. Mgonjwa akiandika 1 kisha 2 juu, na 2 kisha 1 chini, kanuni zote zinatimia. Akigeuza, zinatimia vilevile. Mfano wa kwanza, wenye namba 6 tu, una jibu moja. Huu wenye 12 una majibu mawili. Kwa hiyo wingi wa namba si kinga, bali mahali zilipowekwa. Katika jedwali la visanduku 81, Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta, mwaka 2012, kwamba fumbo lenye namba chini ya 17 haliwezi kuwa na jibu moja. Kwa visanduku 16, kiwango hicho ni namba 4.

Kwa mtu mzima wa afya, kosa hilo ni kero ndogo. Kwa mgonjwa anayehofia kwamba akili yake imemtoka, ni jeraha. Mjukuu mwenye karatasi ya majibu atamwambia, "Babu, umekosea," ilhali hakukosea. Na mzee huenda asishike kalamu tena.

Kinga ni rahisi. Kila baada ya kufuta namba moja, mtunzi afumbue fumbo upya tangu mwanzo. Akifika mahali anapolazimika kubahatisha, airudishe namba aliyoifuta mwisho. Kisha ampe mtu mwingine ambaye hajaliona jibu.

Kupata mafumbo mapya

Fumbo moja jema huzaa mengine. Ukibadilishana alama, kwa mfano kila 1 iwe 3 na kila 3 iwe 1, jibu litabaki kuwa moja. Kwa kupanga upya namba nne tu, hupatikana sura 24 za fumbo lilelile. Pia karatasi yaweza kuzungushwa.

Asiyesoma namba atumie vifuniko vya soda vya rangi nne kwenye boksi lililochorwa mistari. Mbegu za mahindi na maharage zinafaa pia, ila si kwa mgonjwa mwenye shida ya kumeza au anayetia vitu mdomoni. Akizoea, aongezewe jedwali la visanduku 36, au kanuni kwamba hata mstari wa kona hadi kona usirudie alama. Kanuni ikiongezwa, jedwali lililojaa lazima litungwe na kukaguliwa upya.

Anachotazama mhudumu wa afya

Mgonjwa anayejaza upande wa kulia na kuuacha wa kushoto mtupu huenda hauoni au hauzingatii upande huo, jambo linalotokea hasa kiharusi kinapopiga upande wa kulia wa ubongo. Huo si uvivu. Mstari mwekundu pembezoni mwa kushoto waweza kumwongoza, na mtaalamu wa utengamao aarifiwe. Hata hivyo fumbo si kipimo cha ugonjwa. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kuanzia, na uchovu ukionekana, kazi isimamishwe.

Mipaka ya faida

Utafiti wa Aberdeen, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu 498 waliozaliwa mwaka 1936. Waliopenda kazi za akili walianza uzee wakiwa na uwezo mkubwa zaidi, lakini uwezo huo haukupungua polepole kuliko wa wenzao. Nchini Tanzania, katika Wilaya ya Hai, wazee 34 wenye ugonjwa wa usahaulifu walishiriki tiba ya vikundi ya mazungumzo na michezo, vikao 14, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha nafuu katika utambuzi. Huko hakuna aliyekaa peke yake na karatasi, walikuwa pamoja. Kwa hiyo fumbo lifumbuliwe na mtu pembeni.

Kinachoulinda ubongo zaidi ni kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kuacha sigara, kutembea, na kutibu upungufu wa kusikia na kuona. Mgonjwa anayefumbua mafumbo kila asubuhi huku ameacha vidonge vya shinikizo la damu hajajikinga na kiharusi cha pili. Na ikiwa mtu aliyekuwa akijaza jedwali vizuri ghafla anashindwa kushika kalamu, uso umepinda upande au maneno hayatoki sawasawa, karatasi iwekwe chini na apelekwe hospitali saa ileile.